Nguzo ya Tatu ya Sinema Smarald

Chupa ikimponyoka mtu katika sinema ya Smarald ilikuwa na njia yake. Iliteremka na mteremko wa sakafu, chini ya viti, ko-ko-ko, moja kwa moja hadi ukutani chini ya skrini, na ukumbi mzima ulicheka hata kama kwenye picha kuna mtu anakata roho. Miaka thelathini na moja nilikuwa mtu wa tochi pale, nikiwaonyesha watu viti vyao na kuwanyamazisha wenye midomo, kwa hiyo habari za chupa asinifundishe mtu. Najua zilikuwa zinaelekea wapi kabla ya tetemeko la mwaka sabini na saba, na najua zilielekea wapi baadaye.

Baadaye zilianza kwenda kushoto. Zinashuka vizuri safu tano sita, halafu zinakata kona kama zimeitwa, zinapita chini ya miguu ya watu na kwenda kugota kwenye nguzo ya tatu. Zote. Za soda, za bia, hata ile ya dawa ya kikohozi ya bibi mmoja aliyekuwa analia kila picha. Nikamwambia mume wangu Tănase, aliyekuwa mwendesha mashine kule juu. Nilidhani atanicheka, maana kunicheka ilikuwa kazi yake ya pili. Hakucheka.

"Aglaia," akasema, "umemwambia nani mwingine?"

"Nimwambie nani? Nikamwambie meneja kuwa chupa zake zimelewa?"

"Usimwambie mtu."

Bukarest nzima siku zile ilinuka plasta mbichi. Tetemeko lilikuja Ijumaa moja ya Machi, likaangusha majumba kwenye bulivadi yetu na watu wakiwa ndani, na haukupita muda amri ikatoka kwamba burudani zirudi, watu wasikae wakifikiri. Kwetu Smarald nguzo ya tatu ilikuwa imepasuka kutoka begani hadi kiunoni. Niliona vyuma vyake kwa macho yangu, vimepinda. Wakaja mafundi na ndoo, wakasiliba, wakapaka rangi, wakabandika karatasi ya maua ya dhahabu, na wiki ya tatu tukafungua milango. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Sisi ufa tuliuziba, tena kwa ustadi, na ndiyo balaa yetu.

Tănase alijifunza jambo kwa mhandisi mmoja aliyekuwa akipita kukagua majengo. Unachukua plasta kidogo, unaipaka nyembamba juu ya ufa, upana wa vidole viwili, unaandika tarehe juu yake kwa penseli. Jengo likisogea, hata kama hakuna aliyehisi kitu, ile plasta inakatika. Wahandisi wanaiita shahidi. Tănase aliweka shahidi wake nyuma ya nguzo, upande wa ukutani, ambako hapiti mtu ila mimi na ufagio wangu. Wa kwanza alivunjika baada ya miezi kumi na moja. Akaweka wa pili. Akavunjika. Akaweka wa tatu. Halafu akaniambia kuwa kuanzia siku hiyo viti sita vilivyo karibu na nguzo ni vibovu.

"Vibovu vipi? Nimevifuta asubuhi."

"Springi zimetoka. Zitatoboa watu matako. Ndivyo utakavyosema."

Ndivyo nilivyosema, miaka na miaka, na tochi yangu mkononi. "Si hapo, baba, springi zimetoka." Ukumbi ukijaa hadi watu wanasimama, vile viti sita vilibaki vitupu, na hakuna aliyeuliza. Tănase alipofariki shahidi wake wa mwisho alikuwa bado mzima. Tangu mazishi yake sikwenda tena nyuma ya ile nguzo. Nasema wazi, niliogopa. Na naishi juu yake, mjue hilo pia: Smarald ni ukumbi ulio chini ya jengo la makazi, ghorofa sita, na nyumba yangu iko ghorofa ya tatu.

Mwishowe ukumbi ulifungwa, kama zote. Halafu manispaa wakaja kutubandikia Doa. Huku kwetu kila mtu anajua Doa ni nini: duara jekundu, ukubwa wa sahani, linapigiliwa mlangoni mwa jengo ambalo tetemeko likija ndilo litatangulia. Jengo lenye Doa sinema haifunguliwi, mkahawa haufunguliwi, na nyumba haiuziki hata kwa kipofu. Walilipigilia kwenye mlango mkubwa wa sinema, upande wa bulivadi. Kwenye orodha yao wakaliandika jengo kwa anwani ya lango letu la nyuma, mtaa mwingine kabisa, ambao tangu hapo umebadilishwa jina mara mbili. Serikali ndiyo hiyo. Kwa maneno mengine, aliyetaka kujua kama Smarald ina ugonjwa alikuwa na njia moja tu: kusimama mlangoni na kuliona Doa.

Na mimi nikalitoa.

Tulifanya mkutano wa wakazi, mimi nikiwa mwenyekiti wao. Mzee Pandele wa ghorofa ya nne, dereva wa tramu mstaafu, alitaka kuuza nyumba yake ahamie kwa binti yake mjini Brașov. Ortansa wa ghorofa ya pili, mwenye kale kambwa kanakobweka hadi vivuli, alisema kila akipita pale anahisi amebandikwa yeye mwenyewe usoni.

"Aglaia," alisema Pandele, "jengo hili limeona vita, limeona matetemeko mawili makubwa, limeona hata ndoa yako. Limesimama. Sasa kibati kile kinatutia aibu kwa nini?"

Watu wakacheka. Wote walinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa ukumbini maisha yangu yote. Nikisema ni salama, ni salama. Ningeweza kuwaambia habari za mashahidi pale pale. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Plasta ya zamani ile ni chuma. Hakuna kitu." Asubuhi yake nikashuka na kisu cha jikoni, nikalibandua. Walinifungulia milango ghorofa zote, kila mmoja na glasi ya pombe ya plamu, wakanipigia makofi ngazini. Nilijisikia malkia, Mungu anisamehe.

Miaka ikapita. Pandele hakuuza, bei ilishuka kwa sababu nyingine, akabaki kununa. Kisha mwaka huu, mwezi wa Februari, akaja mjukuu wangu Ilinca.

Ilinca nimemlea mimi. Ni mwalimu wa historia, ana sauti ndogo na kichwa kigumu, na yeye na wenzake wana mchezo wao: wanatafuta kumbi zilizokufa, wanazisafisha, wanazifungua kwa mchana mmoja tu, watu waingie, waone, wakumbuke, halafu zinafungwa tena. Alikuwa amekwisha kufungua tatu. Aliingia jikoni kwangu na koti likiwa bado mwilini.

"Bibi, kaa chini."

"Nimekaa. Huoni?"

"Jumapili ya pili ya Machi. Smarald."

Ubao wa kukatia ulinitoka mkononi. Akadhani ni furaha, akanikumbatia. "Wenye ukumbi wamekubali! Nimepitia orodha ya majengo mabovu ya bulivadi, Smarald haimo. Mlangoni nako hakuna kitu. Viti mia mbili na arobaini, Bibi! Na kabla ya picha kuanza, wewe utasimama mbele na kusimulia. Sinema zote za bulivadi, na zilivyokufa. Nani mwingine anazijua? Utashika na tochi yako."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa tayari: Ilinca, mlangoni kulikuwa na kitu. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama duka lililojaa. Na mimi, mwanamke wa miaka sabini na minne ambaye hata muuza mkate hamuoni, nilijiona nimesimama mbele ya watu mia mbili na arobaini, taa zote zikiwaka.

"Nitavaa ile sketi ya kijani," nikasema.

Nilijiambia kwanza nishuke nikaangalie. Pengine shahidi ni mzima. Kama ni mzima, basi ni baraka ya Tănase, na sina haja ya kumvunja moyo mtoto.

Ufunguo ulikuwa kwangu. Nilishuka peke yangu Jumanne ya wiki ile ya ufunguzi, mchana, siku moja kabla ya Ilinca na wenzake kuja kusafisha. Vumbi lilikuwa limelala juu ya viti mithili ya unga. Nikaenda hadi nguzo ya tatu, nikapinda nyuma, nikawasha tochi.

Shahidi alikuwa amekatika. Tena si kwa ufa mwembamba wa uzi. Nusu yake ya chini ilikuwa imeshuka, na nusu ya juu imebaki pale ilipo, na tarehe ya Tănase imegawanyika, siku huku, mwaka kule. Katikati niliingiza kidole. Kikaingia chote. Ndani kulikuwa na baridi, na kitu kikaanguka humo ndani, kidogo tu, kikaenda chini kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Je, nilipanda juu na kumpigia simu? Wapi! Nilikwenda chumba cha mashine, nikachukua bango la zamani lenye mwanamke anayebusu dirisha la treni, nikachukua gundi, na nikaizungushia ile nguzo bango, mbele na nyuma, nikalilainisha kwa kiganja hadi kona. Nilipomaliza nikarudi hatua mbili kuangalia. Ilipendeza. Nilikuwa nimefanya kazi ile ile waliyofanya mafundi na ndoo zao, na mimi hata amri sikupewa na mtu.

Siku tano hizo sikulala sawasawa. Kila lori likipita barabarani nilikaa kitandani nikisubiri. Jumamosi nilipiga namba ya Ilinca mara mbili, na mara zote mbili nilipomsikia akisema "Haya Bibi, sema," nilimuuliza kama nilete keki ya jibini. Akasema nilete.

Jumapili saa tisa alasiri walianza kuingia. Jamani, jinsi walivyokuja! Wazee waliochumbiana pale, na makoti yao yanayonuka naftalini, dawa ya nondo. Vijana. Watu walikaa wakitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda chini kama zamani, na nusura nilie. Nikawasha tochi, nikaanza kuwaongoza. Miguu yangu ilikumbuka kila ngazi.

Nilipofika nguzo ya tatu nikaona Ilinca amebandika karatasi kwenye vile viti sita: VITI VYA HESHIMA. Mzee Pandele alikuwa ameshakaa, miguu ameinyosha. Ortansa pembeni, mbwa mapajani. Na kiti cha sita, kilichoegemea nguzo kabisa, Ilinca mwenyewe, koti lake amelitundika kwenye kona ya bango langu.

"Si hapo," nikamwambia. "Springi zimetoka."

"Nimevikagua, Bibi. Hivi ndivyo vizima kuliko vyote, kama havijawahi kukaliwa." Akanisukuma kidogo. "Nenda, wanakusubiri. Usitetemeke, mimi niko hapa."

Nikaenda mbele. Walinipa kipaza sauti. Nilianza vibaya, halafu nikapata pumzi. Niliwasimulia Splendoarea, ambayo sasa ni duka la viatu, na pale palipokuwa na skrini wanapanga ndala. Niliwasimulia ukumbi wa michezo wa Colibri, ulioungua katikati ya onyesho, na watazamaji wa mbele wakapiga makofi wakidhani moto ni sehemu ya mchezo. Walicheka. Niliwasimulia Carpatina, iliyolala chini ile Ijumaa ya Machi na jengo zima juu yake, na yule mwenzangu wa tochi, Zenobia, aliyepatikana siku ya nne akiwa bado ameishika. Hapo hawakucheka. Nikasikia hata maganda ya alizeti chini ya viatu vyao.

"Na Smarald," nikasema. "Smarald yetu…"

Huko nyuma chupa ikamponyoka mtu.

Ko-ko-ko. Watu wakacheka, kama walivyokuwa wakicheka siku zote, na wazee walifurahi kuliko vijana. Mimi nilisimama na kipaza sauti mdomoni nikiisikiliza. Haikufika safu ya tano. Haikufika hata ya tatu. Ilikata kushoto toka safu ya pili na ikashika kasi, nikaisikia ikivuka chini ya ukumbi mzima, na mara, to! Ikagota. Pandele akainama, akaiokota kando ya kiatu chake, akaiinua juu kwa kila mtu kuona. Wakampigia makofi.

"Tokeni," nikasema.

Wakageuka kunitazama.

"Tokeni nje. Wote. Polepole, lakini tokeni."

Basi wakapiga makofi tena, tena kwa nguvu. Walidhani ni mchezo! Walidhani kibibi anawaigizia Carpatina. Kijana mmoja akapiga mluzi. Nikatupa kile kipaza sauti, nikashuka ngazi kwa miguu yangu hii mibovu, nikamwendea Ilinca, nikalitoa koti lake, nikalikamata bango kwa kona na kulirarua, yule mwanamke na treni yake, hadi chini. Nikawasha tochi. Ufa ulikuwa umepita karatasi ya maua ya dhahabu na sasa uko upande wa mbele pia.

"Doa lilikuwepo mlangoni," nikasema kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo. "Jekundu. Nililibandua mimi, kwa kisu cha jikoni. Na huyu shahidi wa marehemu mume wangu nimemwona Jumanne amevunjika, nikamfunika."

"Nyamaza, Aglaia!" Pandele alikuwa amesimama, uso umemwiva. "Jamani msimsikilize, huyu mama ni mgonjwa, hajala tangu asubuhi!"

Ilinca aliinuka kitini. Aliingiza vidole vyake ndani ya ufa. Viliingia vinne. Akavitoa, akavitazama, vyeupe. Kisha akapanda pale mbele, akaokota kipaza sauti, na kwa ile sauti yake ndogo ya darasani akawaambia wa safu za nyuma watoke kwanza, kisha wanaofuata, mikoba waache, hakuna kukimbia. Hawakukimbia. Ilichukua dakika sita. Nilisimama kwenye nguzo na tochi nikiwamulikia ngazi, na kila aliyepita alinitazama.

Nje kulikuwa na jua, tramu zinapita, watu wananunua maua. Ilinca alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu Jumanne."

"Tangu sabini na saba, mwanangu."

"Ukaniuliza kuhusu keki." Alikuwa anajifuta vidole kwenye suruali, anajifuta tu, na vilikwisha kuwa safi zamani. "Watu mia mbili na arobaini, Bibi. Ningewaua mimi. Jina langu ndilo liko kwenye bango la mlangoni."

Nilinyoosha mkono, akausogeza pembeni, si kwa ukali. Hilo liliniuma kuliko kama angenizaba kibao.

"Hama leo," akasema. "Njoo kwangu."

"Nihame niende wapi? Tănase alifia chumba kile. Nitakufa pale pale."

Tukabishana hadi watu wakasogea mbali. Mwisho tukapatana hivi: ataleta plasta, tutaweka shahidi mpya, na siku atakapovunjika nitatoka bila neno. Aliiweka mwenyewe siku ya pili, mimi nikamshikia bakuli. Aliandika tarehe kwa penseli. Tangu siku hiyo alinipigia simu kila siku saa sita mchana, darasa likitoka. Haniulizi nimekula nini, haniulizi magoti.

"Shahidi mzima?"

"Mzima."

"Haya."

Na simu imekatwa. Nilikuwa nasubiri ile simu tangu ninapoamka.

Majirani wao walinisusa. Nilinunua rangi nyekundu na kuchora Doa mlangoni kwa mkono wangu. Kesho yake lilikuwa limesuguliwa. Nikachora tena. Likasuguliwa tena, na Ortansa akanipita ngazini akinuka dawa ya kusafishia. Ilinca aliandika barua manispaa, wakamjibu kuwa anwani hiyo haimo kwenye orodha. Nikaitisha mkutano. Alikuja Pandele peke yake, tena akasimama mlangoni.

"Nilikaa kwenye kiti kile, Aglaia. Nguzo ilikuwa mgongoni mwangu. Nimekufa?"

"Bado."

"Wewe ndiye ulisema plasta ile ni chuma. Mimi nakumbuka. Kila mtu anakumbuka. Sasa umezeeka unataka watu wakutazame, basi tutakutazama, lakini nyumba zetu usiziguse."

Alichosema kilikuwa kweli, karibu chote.

Leo asubuhi nimeshuka kama kawaida kumwangalia shahidi kabla ya saa sita. Nilipofungua mlango wa ukumbi pua yangu ilijua kabla yangu. Plasta mbichi. Walikuwa wameingia, sijui ufunguo wameupata wapi, labda walichonga kutoka kwangu zamani, na labda niliwapa mimi mwenyewe. Nguzo ya tatu ilikuwa imesilibwa kutoka begani hadi kiunoni na kupakwa rangi nyeupe, mbele na nyuma. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Hakuna alama, hakuna mstari. Shahidi wa Ilinca alikuwa humo ndani, kama ni mzima au amekatika hakuna atakayejua tena.

Nilipanda juu polepole. Nikakaa jikoni. Mezani kulikuwa na chupa ya maji ya madini, ya kioo, nimeinywa nusu. Sijui kwa nini sikuwahi kufanya hivyo siku zote hizo. Nikaimwaga, nikaifunga, nikainama na kuilaza sakafuni, katikati ya jiko, na kutoa mkono.

Ilitulia. Nikaanza kucheka. Kisha ikaanza kwenda. Ilikwenda yenyewe, taratibu, ikapita mguu wa meza, ikavuka mlango, ikaingia chumba cha kulala, na nikaisikia ikigota kwenye ukuta wa kushoto, upande wa kitanda cha Tănase. Sakafu ya nyumba yangu haina mteremko. Haijawahi kuwa nao.

Simu ikalia.

"Shahidi mzima?"

"Wamempaka plasta, Ilinca. Njoo unichukue. Sasa hivi, mwanangu, njoo."

Nilisikia kiti kikianguka. "Nakuja. Usishuke na mizigo. Na wengine, Bibi? Waambie wengine!"

Nikachukua tochi, sijui ya nini mchana ule, na nikaanza kugonga. Ghorofa ya tatu nzima kimya. Nikashuka ya pili. Mbwa wa Ortansa alibweka, halafu akabanwa mdomo.

"Ortansa, tokeni. Jengo linaondoka."

"Nenda kalale, Bi Aglaia."

"Njoo uone chupa! Njoo uone kwa macho yako, halafu unitukane!"

Nikapanda ya nne, nikipumzika kila ngazi ya tano. Kwa Pandele niligonga kwa tochi. Nikasikia slipa zake zikija, sha-sha, sha-sha, hadi nyuma ya mlango, zikasimama. Tulikuwa tumetenganishwa na ubao tu. Nilisikia hata pumzi yake.

"Pandele, najua uko hapo. Nilikuwa mwongo wakati ule. Sasa siyo."

Aliendelea kupumua. Kisha slipa zikarudi zilikotoka, na akaongeza sauti ya televisheni.

Huko chini lango likafunguka kwa kishindo, na nikamsikia Ilinca akikimbia ngazi na kuniita. Nikamwambia kwa sauti asipande, abaki nje, mimi nakuja. Halafu nikapanda ghorofa ya tano, nikagonga mlango uliofuata.